Darasa lilicheka, likaondoka na jibu baya: uchambuzi wa vipindi vya Majimaji, kidato cha tatu

Kila mwalimu wa Historia hukiota kipindi ambacho hakuna mwanafunzi anayesinzia, mikono iko juu, na hata wale wa dawati la mwisho wamesogea mbele. Kisa hiki kinaanza na kipindi cha namna hiyo. Kilikuwa kipindi kibaya, na ubaya wake ndio ulionifanya niandike.

Shule ni ya kata, pembezoni mwa Dar es Salaam upande wa kusini. Darasa ni kidato cha tatu, mkondo A, wanafunzi zaidi ya themanini, dawati la wawili wanakaa watatu. Mada ni jinsi Waafrika walivyoupokea na kuupinga ukoloni, na ndani yake Vita vya Majimaji. Mwalimu ni mwenzangu wa idara. Wanafunzi wanamwita Madamu, kama wanavyowaita walimu wote wa kike, nami nitamwita hivyo hivyo. Aliniomba nikae nyuma ya darasa niangalie, kwa sababu alikuwa amechoshwa na kitu kimoja: wanafunzi wake walikuwa wanaipenda Jiografia, wanaivumilia Kiswahili, na kwenye Historia wanalala.

Nani angewalaumu? Mada hii kwa kawaida inafundishwa kwa vichwa vinne: sababu za vita, mwenendo wake, sababu za kushindwa, matokeo. Kila kichwa kina hoja tano au sita za Kiingereza. Mwalimu anaandika ubaoni, mkono ukichoka anampa monita daftari aendelee. Mtihani ukija unauliza kwa nini Majimaji ilishindwa, na jibu liko tayari: silaha duni, kukosa umoja, kuamini uchawi wa maji. Mwanafunzi anaweza kupata alama zote za swali hilo bila kujua Nandete, vita vilipoanzia, iko wapi, wala Kinjikitile, mganga aliyetoa maji ya kuzuia risasi, alikuwa nani. Kwa wengi wa mkondo A, Majimaji ilikuwa kwanza timu ya mpira ya Songea, Wanalizombe. Vita vilikuja baadaye, kwenye notsi.

Madamu akaamua kutumia igizo. Ushauri huo tunaupata kila semina: mshirikishe mwanafunzi, aigize, aimbe, acheze. Kijana mmoja mrefu, mchekeshaji wa darasa, akawa Kinjikitile. Akaletewa ndoo ya chooni na ufagio wa chelewa. Akawanyunyizia wenzake maji huku akitoa sauti ya mganga wa kwenye filamu za kibongo. Upande wa pili Wajerumani sita wameshika mafagio ya miti kama bunduki. Wapiganaji wakaja wakipiga kelele "Maji! Maji!", Wajerumani wakatoa "ta-ta-ta-ta" kwa midomo, watu wakaanguka mmoja mmoja, wa mwisho akazunguka mara tatu kabla ya kufa. Darasa lilivunjika kwa kicheko. Mkuu wa shule alichungulia dirishani, akatabasamu, akaenda zake.

Kipindi kilichofuata Madamu aligawa karatasi ndogo na swali moja, wajibu kwa Kiswahili, mistari mitatu: kwa nini watu wa kusini waliyapokea maji ya Kinjikitile? Alinipa nisome rundo lile ofisini. Karibu zote zilisema jambo moja kwa maneno tofauti. Walikuwa washamba. Walikuwa hawajasoma. Walidanganywa na mganga. Mmoja aliandika: "kwa sababu zamani watu walikuwa hawana akili kama sasa."

Watoto wale walikuwa wamefurahi kweli, na furaha yenyewe ndiyo iliyowafundisha dharau. Igizo lilichukua sentensi moja mbovu ya kwenye notsi, ile ya "kuamini uchawi", likaipa mwili, sauti na ndoo. Notsi ingesahaulika baada ya mtihani. Ndoo haitasahaulika. Ndiyo maana siamini ushauri wa kulichangamsha darasa unaotolewa bila kuuliza linachangamkia nini. Igizo silikatai. Ila mtu hawezi kuigiza uamuzi ambao hajui ulifanywaje, na pale hakuna aliyejua watu wale walikuwa wanaamua kati ya nini na nini. Akabaki na kitu kimoja cha kuigiza, kuanguka.

Madamu hakuwakaripia. Alichukua swali lile lile, akalirudisha darasani wiki iliyofuata, safari hii pamoja na karatasi za ushahidi. Shule haina projekta, na mashine ya kunakili inatoka tu wakati wa mitihani. Alinakili kwa mkono, nyuma ya karatasi za majaribio ya zamani, seti moja kwa kila kundi la madawati matatu. Akaziweka kwenye bahasha.

Bahasha ya kwanza ilikuwa ya pamba. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, ukaanzia wilaya ya Dar es Salaam kabla ya kusambazwa kwingine. Kila jumbe, yaani kiongozi wa kijiji, alitakiwa awe na shamba, na watu wake walime humo siku 28 kwa mwaka. Malipo yalipotoka yalikuwa senti 35 kwa mtu, kwa kazi ya mwaka mzima. Wapo waliokataa hata kuzipokea. Chini ya hapo Madamu aliandika mstari mwingine: kodi ya nyumba iliyowekwa mwaka 1898 ilikuwa rupia 3. Kisha akaandika neno moja: "Hesabuni."

Hapa ndipo nilipoona darasa likibadilika, na halikubadilika kwa kelele. Msichana mmoja, ambaye kwa muda wote niliokaa mle sikuwahi kumsikia akiongea, alivuta karatasi akaanza kugawanya. Thelathini na tano kwa ishirini na nane. Senti moja na robo kwa siku. Akamwonyesha jirani yake. Jirani akauliza rupia moja ni senti ngapi, Madamu akawaambia wachukue mia. Wakagawanya tena, mia tatu kwa thelathini na tano.

"Madamu, inakuja nane na kitu."

"Nane nini?"

"Miaka. Alime miaka nane na zaidi ndiyo alipe kodi ya mwaka mmoja."

Kundi la pembeni halikuamini, likarudia hesabu. Kijana aliyekuwa Kinjikitile wa ndoo akauliza kama siku hizo 28 ziliangukia msimu wa kulima chakula chao wenyewe. Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na halimo kwenye notsi yoyote. Pamba nayo inataka kulimwa, kupaliliwa na kuvunwa kwa wakati wake, na jumbe, au akida, ofisa wa serikali aliyewasimamia majumbe, aliyekuja kuwatoa watu mashambani mwao hakuja mikono mitupu, alikuja na kiboko.

Ilipotajwa tena kwamba mpango ulianzia wilaya ya Dar es Salaam, mtu akauliza, "Hapa hapa?" Madamu akawaambia kwamba hata Uzaramo kulikuwa na Majimaji, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Kibasila. Ukimya kidogo. Kisha: "Kumbe Kibasila ni mtu?" Nusu ya darasa wanapita mbele ya shule yenye jina hilo, au wana ndugu waliosoma pale. Jina walikuwa nalo siku zote, mtu hawakuwa naye. Sekunde thelathini hizo sidhani kama zimo kwenye andalio lolote la somo, lakini mwalimu wa mahali popote Tanzania anaweza kupata Kibasila wake akitazama majina ya shule, viwanja na mitaa ya eneo lake.

Bahasha ya pili ilikuwa ya tarehe, na hii ndiyo iliyolipasua jibu la zamani. Vipande sita vimechanganywa, kazi yao ni kuvipanga. Mwisho wa Julai 1905, watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi, wanang'oa miche ya pamba. Tarehe 4 Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ananyongwa na Wajerumani kule Mohoro. Tarehe 30 Agosti, maelfu wanaishambulia boma la Mahenge. Septemba, Wangoni wanaingia vitani. Tarehe 27 Februari 1906, wapiganaji 67 wa Kingoni wananyongwa Songea. Mwaka 1907, vita vinakwisha.

Kundi la dirishani lilimaliza mapema, likapiga kelele.

"Madamu, hii umekosea kunakili. Mganga kafa mwanzoni."

"Sijakosea. Isomeni tena."

"Kafa Agosti nne. Sasa hawa wa Mahenge walikuwa wanampigania nani?"

Madamu hakujibu. Alikwenda kusimama dirishani, jambo ambalo kwa mwalimu ni gumu kuliko kuongea. Darasa likaanza kujijibu. Labda habari hazikufika. Hapana, wiki karibu nne, na maji yalifika, habari zishindwe? Labda walijua kafa lakini wakasema dawa imeshatoka. Hapo Madamu akaongeza kitu kimoja tu: masimulizi yanasema Kinjikitile mwenyewe, kabla ya kunyongwa, alisema dawa imeshafika Kilosa na Mahenge. Na Wangoni? Wameingia wakati boma la Mahenge limeshaonyesha bunduki ya rasharasha inafanya nini. Kama kilichowapeleka vitani ni kumwamini mganga mmoja, vita vilitakiwa viishe Agosti.

Kutoka hapo swali halikuwa tena "kwa nini walikuwa wajinga". Lilikuwa: maji yalifanya kazi gani? Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro na Mmbunga hawakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja. Wajumbe waliotembeza dawa, ambao wakati huo waliitwa hongo, walikuwa wanapeleka pia habari, siku na kiapo. Mtu akishakunywa, jirani yake anajua kwamba na yeye yumo. Kijana mmoja wa nyuma alisema ni kama kadi ya chama. Mwingine akabisha kwamba kadi haikuzuii risasi. Akajibiwa: "Na maji hayakuzuia, lakini walikuja wengi." Sina hakika mwalimu angeweza kulisema vizuri zaidi, na wala mjadala haukuishia kwenye makubaliano. Wapo waliobaki na msimamo kwamba watu waliamini kabisa risasi zitageuka maji. Nao wana haki, maana wengi waliamini. Imani na siasa hazikukaa kwenye vyumba viwili.

Kuhusu Mahenge, Madamu aliwapa maelezo mafupi: kikosi kimoja kilishambulia kabla ya kingine kufika, na askari wachache wenye bunduki za rasharasha wakalimudu kundi kubwa. "Kukosa umoja" kwenye notsi kukapata sura. Vilikuwa vikosi viwili vilivyopishana kwenye muda, bila simu, kwenye eneo linalochukua siku kulitembea.

Palikuwa na sehemu iliyokaribia kuharibika. Mmoja alisoma kwamba Wahehe wa Iringa hawakujiunga na kwamba baadhi ya watawala waliwasaidia Wajerumani. Macho yote yakamgeukia kijana mmoja ambaye baba yake anatoka Iringa. "Wasaliti," mtu akasema, nusu utani. Katika darasa lenye makabila mengi utani wa aina hii huanza unachekesha na kuishia kwenye uwanja wa mpira jioni. Madamu alifuta ubao wote akaandika tarehe mbili: 17 Agosti 1891, 19 Julai 1898. Ya kwanza, Wahehe wanakivunja kikosi cha Kijerumani cha Zelewski kule Lugalo. Ya pili, kifo cha mtawala wao, Mkwawa. "Hawa wamepigana miaka saba," akasema, "mwingine anakuja na maji miaka saba baadaye anawaambia twendeni tena. Wewe ungekwenda?" Hakuna aliyesema wasaliti tena. Kumkataza yule aliyesema "wasaliti" kungelizima neno darasani tu. Tarehe mbili zilimpa kijana wa Iringa kitu cha kusimamia.

Bahasha ya mwisho, ya njaa, ilifunguliwa bila ushindani wowote. Wajerumani walipoona mapigano hayaishi, walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Waliokufa kwa njaa na maradhi yaliyofuata walikuwa wengi kupita kiasi kuliko waliopigwa risasi. Hesabu ya Wajerumani ilikuwa watu 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee miaka ya 1960, alikadiria 250,000 hadi 300,000. Madamu aliwauliza swali moja: nani alihesabu, na alihesabu akina nani? Kengele ikalia wakiwa hapo. Walitoka polepole.

Sasa upande wa pili wa daftari, kwa sababu ninayeandika ni mwalimu na najua msomaji mwalimu anawaza nini.

Muda kwanza. Kazi hii ilikula vipindi ambavyo kwenye azimio la kazi vilikuwa vya mada inayofuata. Mwalimu wa taaluma alimwita Madamu na kumuuliza kwa nini madaftari ya mkondo A yana kurasa mbili za Majimaji wakati ya mkondo mwingine yana saba. Swali lake si la kipuuzi. Anapimwa kwa matokeo, na wazazi wanapima shule kwa unene wa daftari. Madamu alijibu kwa kufanya kitu cha busara. Mwisho wa mada aliwapa swali la mtihani la kawaida kabisa, kwa Kiingereza, kwa muda wa mtihani. Nilisahihisha naye. Hoja zilikuwa zile zile zinazotakiwa, silaha, umoja, imani, lakini chini ya kila hoja palikuwa na tarehe, mahali au jina. Msahihishaji yeyote wa mtihani wa taifa hutafuta hicho hicho, hoja iliyofafanuliwa. Kiingereza chao kilikuwa kibovu kama siku zote.

Lugha ndiyo jambo ninaloliona kubwa zaidi katika kisa hiki, na ndilo linalosemwa kidogo zaidi kwenye semina. Mjadala wote ulikuwa kwa Kiswahili. Sera ya elimu inataka Kiingereza sekondari, na ukutani mle darasani kuna bango la kuwakumbusha. Lakini yule msichana wa hesabu asingesema "alime miaka nane" kwa Kiingereza. Asingesema kitu. Madamu aliligawa jambo: kufikiri na kubishana kwa Kiswahili, kisha kuandika kwa Kiingereza pamoja, ubaoni, sentensi kwa sentensi. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili. Walimu wa somo hilo wana bahati ambayo sisi wa mtaala wa zamani tunaiiba. Itakuwa hasara wakiitumia kuandikisha notsi zile zile kwa lugha nyingine.

Kazi ya kwenda kuuliza wazee nyumbani, ambayo kila mtu huisifu, haikuzaa kitu hapa. Bibi na babu wengi wako mikoani, na aliyepo amezaliwa miaka mingi baada ya vita. Wachache walirudi na habari ya rais wa Ujerumani, Steinmeier, kwenda Songea Novemba 2023 kuomba msamaha, na ya kiongozi wa Wangoni, Songea Mbano, ambaye familia yake bado inatafuta fuvu lake. Hizo walizipata kwenye simu, si kwa bibi. Zilifaa, lakini zingefaa zaidi kama bahasha ya nne.

Halafu kuna mkondo B. Madamu alirudia kila kitu kule, bahasha zile zile, ila kwa sababu ya ratiba alianza na tarehe, pamba ikaja kipindi cha pili. Kitendawili cha mganga aliyekufa mwanzoni kiliwashangaza kama kilivyowashangaza wenzao. Lakini walipotafuta jibu hawakuwa na kitu mkononi, wakarudi kule kule: walirogwa, roho yake ilibaki, dawa ilikuwa kali. Walibishana kwa furaha kuhusu uchawi kipindi kizima. Pamba ilipofika, wachache tu walijisumbua kuigawanya kwa ishirini na nane, maana kwao swali lilikuwa limeshajibiwa. Kwa mkondo C amepanga kurudi kwenye mpangilio wa kwanza, senti 35 kabla ya kitu kingine chochote, na igizo liwe mwisho, tena la siku moja kabla ya Nandete. Litakuwa na jumbe, akida, watu wanaobishana kama wang'oe au wasing'oe, na hakuna anayekufa.